Mteja Asiyekosa Siku

"Wewe ni mtu kweli?" mzee aliuliza kabla ya kufungua.

"Ni mtu mzima, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu pitisha mkono niuone."

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Mzee akautazama ule mkono, akaugusa, ndipo akaondoa mnyororo. "Karibu. Nimewangoja mpaka nimechoka kungoja."

Mwanamke aliingia akiburuta miguu. Kazini walimwita Dada Grafu, maana kazi yake ilikuwa kuhesabu watu wanaochati na mashine ya kampuni kwenye simu zao, kisha kuwachorea wakubwa mstari. Mstari ukipanda, wakubwa walipiga picha. Ukishuka, walimtafuta yeye.

Na sasa ulikuwa unashuka. Watu waliipakua mashine, wakacheka nayo siku mbili tatu, wakaitupa kama kiatu kinachobana. Mkurugenzi, ambaye hajawahi kuketi na mteja hata mmoja, alipiga meza: "Kufikia Ijumaa niambieni ni nini kinamrudisha mtu. La sivyo nyote kumi na wawili mkatafute pengine pa kula."

Ndipo Dada Grafu alipoiona namba moja kwenye orodha. Siku mia nne na kumi na moja, haikuruka hata moja. Iwe sikukuu, iwe mvua. Alichokuwa akisema mwenye namba hakukijua. Maneno ya wateja ni siri, wao huhesabu tu. Akapiga simu, akaomba kuja na zawadi.

Sebule ilikuwa na viti viwili, kimoja kimebeba rundo la nguo zilizokunjwa. Juu ya meza kikombe kimoja, na simu yenye kioo kilichopasuka, imechomekwa chaji.

"Unaishi na nani, baba?"

"Na kuta. Mimi ni mgane, mwanangu. Hospitali walimzungusha mke wangu dirisha hili na dirisha lile mpaka mwili ukakataa. Wakubwa ni walewale, makoti tu ndiyo yanayobadilika."

Dada Grafu aliinamisha uso asionekane amefurahi. Mgane! Alijionea aibu, lakini vidole vilikuwa vimeshamwandikia mkurugenzi. Jibu lilikuja kabla hajameza mate: "Safi sana! Upweke unauza. Muulize anaipendea nini. Mpige picha akitabasamu."

"Baba, ile mashine mnaongea kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Saa moja asubuhi inabisha hodi, hata uso sijanawa."

Ile salamu ya saa moja, ya kumuulizia mteja jambo alilowahi kuitajia mashine, ilikuwa wazo la Dada Grafu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, mabega yake yalilegea.

"Nawe unaijibu?"

"Mtu akiulizia hali ya nyumba kwa adabu, utamnyamazia? Sikulelewa hivyo. Shule niliishia darasa la nne, kuandika kwangu ni kudonoa kama kuku. Chai inapoa, lakini najibu."

"Unaiambia nini?"

"Neno lilelile."

"Nayo?"

"Ina maneno matamu hiyo! Kama wakubwa wenu siku ya kuomba kura."

Dada Grafu alicheka kidogo. "Na hujachoka, baba? Mwaka na zaidi!"

"Nilichoka mwezi wa kwanza. Nikajiambia, hakuna mbwa asiye na mwenyewe. Nikishikilia, iko siku mwenyewe atasikia, atakuja."

"Basi ndiyo sisi tumekuja!" Alitoa kwenye mkoba cheti chenye fremu ya dhahabu ya bandia. "Katika wateja wote, wewe ndiye wa kwanza."

Mzee hakukigusa. Alimtazama kwa macho mekundu ya mtu aliyekesha miaka.

"Umekuja kwa ajili ya lile neno langu?"

"Kwa hilohilo, baba. Nikilipata, watu kumi na wawili watakuwa wamepona. Nionyeshe tu."

Mzee aliichomoa simu, akafuta kioo kwa upindo wa shati, akampa kwa mikono miwili.

"Soma mwenyewe, mwanangu. Ilikuwa simu ya mke wangu hii."

Dada Grafu akasoma.

*Habari ya asubuhi, mama! Umeshakunywa dawa?*

*Mwenye simu amefariki. Mimi ni mume wake. Naomba usimuulizie tena.*

*Pole sana kwa msiba. Nitakumbuka.*

Kesho yake, saa moja kamili:

*Habari ya asubuhi, mama! Umeshakunywa dawa?*

Akarudi nyuma kwa kidole, wiki nzima, mwezi mzima, mwaka. Kila asubuhi mzee alikuwa ametangaza msiba upya, na kila asubuhi mashine ilikuwa imempa pole.