Mtihani wa Nne wa Mama Pacha

Karani wa masjala, mtu mzima mwenye kipara na wajukuu wawili, alikuwa analia siti ya tatu, anamtaka mama yake.

"Mbembeleze, lakini macho mbele," alisema mtahini, kalamu mkononi.

Mama Pacha alishikilia usukani. Siku ya mtihani wa leseni ya basi la shule, wafanyakazi wa ofisi ya leseni ndio huwa wanafunzi, na jamani, watu wazima wakiruhusiwa utundu hawana haya. Mhasibu alikuwa ametoa mkono dirishani. Tarishi alikuwa anamvuta karani masikio.

"Kaeni chini, wanangu. Mkono ndani," alisema Mama Pacha bila kugeuza shingo. Mtahini akaweka alama ya vema.

Huu ulikuwa mtihani wake wa nne. Wa kwanza aliambiwa amegonga nguzo. Wa pili, amepita kasi mbele ya zahanati. Wa tatu, amemsahau mtoto kituoni, na mtoto mwenyewe alikuwa mhasibu, kilo mia na ushei! Miaka minane alikuwa matroni wa basi, akiwapangusa watoto kamasi, na sasa dereva wao amestaafu. Mwalimu mkuu alishasema: leo leseni, la sivyo usukani anapewa shemeji yake Mama Pacha, yule ambaye tayari ameshanunua miwani nyeusi ya kazi. Ungekuwa wewe, ungelala?

"Reli mbele," alisema mtahini.

Akakanyaga breki taratibu. Wanafunzi wakainama mbele kidogo. Akawasha taa za tahadhari, akawanyamazisha watoto, akafungua mlango, akatega sikio. Treni ikalia: mhasibu huyo, viganja mdomoni. Ilikuwa treni ndefu, maana mhasibu ana pumzi. Mama Pacha alingoja mpaka behewa la mwisho.

"Kata kushoto."

Vioo, indiketa, vioo tena, usukani. Chai ya mtahini, iliyojaa pomoni pale kwenye dashibodi, haikumwagika hata tone.

"Una mkono mwepesi, mama," alisema mtahini, na Mama Pacha akafurahi kimoyomoyo. "Haya, kituo hicho. Shusha watatu."

Breki ya mkono, taa nyekundu, mlango. Karani, mhasibu na tarishi wakashuka wakisukumana. Wawili wakavuka mbele ya basi. Mama Pacha alihesabu. Akahesabu tena.

"Twende, tumechelewa," alisema mtahini.

"Wa tatu simwoni."

"Kashaenda kwao huyo. Twende! Kengele imeshalia!"

Akilini alimwona shemeji na miwani yake.

"Bwana mtahini," alisema, "utanisamehe. Hata ungekuwa baba mkwe, mguu huu hauondoki kwenye breki mpaka nimwone mtoto wa watu."

Kisha tarishi akaibuka kutoka chini ya bampa, magoti vumbi tupu, ameshika penseli aliyojifanya imemdondoka.

Mtahini akafunga faili. "Umefaulu."

Mama Pacha alilia kumshinda karani. Wanafunzi wote wakampigia makofi, na mtahini akamkabidhi leseni kwa mikono miwili.

"Hongera sana, mama. Ila Jumatatu uwe macho," alisema. "Lile basi la shuleni, tofauti na hili, lina matairi."