Bangili ya Sihaba

Tangu mumewe afariki, Sihaba alivaa mkononi pete pana ya plastiki, na watu wa mjini walidhani ni bangili ya bei rahisi. Kumbe ilikuwa pete ya kanda ya sumaku, ile ya kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta. Katika chumba cha kompyuta kubwa alikofanya kazi, kanda isiyo na pete nyuma yake husomwa tu. Mashine haiwezi kurekodi juu yake na kufuta yaliyomo. Pete hiyo Sihaba aliivua kwenye kanda moja, ile yenye mwandiko wa Kalenga, mumewe, kwenye lebo. Katika orodha ya wafanyakazi iliyomo humo, mumewe alikuwa bado mfanyakazi mwenzao, zamu yake ya Jumatatu imeshapangwa.

Siku hiyo kanda tupu ziliisha. Kumbukumbu za wagonjwa wa mji mzima zilisubiri kunakiliwa, na kompyuta ilikuwa imeanza kukwamakwama. Mkuu wake, Bwana Mbaruku, akaja akasimama mlangoni.

"Dada Sihaba, imebaki ile moja tu. Ningekuwa na nyingine nisingekuambia."

"Najua, kaka."

"Nikuwekee pete mimi?"

"Hapana. Niachie mwenyewe."

Akaivua pete. Ilikwama kidogo kwenye kiganja, akaivuta. Akaipachika nyuma ya kanda, akaipandisha kanda kwenye mashine, na taa nyekundu ya kurekodi ikawaka.

Kanda ikaanza kuzunguka. Sihaba alisimama mbele ya kioo cha mashine, kidole chake kikizunguka taratibu juu ya alama nyeupe ya pete iliyobaki mkononi, kikiifuata kanda.