Kura ya Merabu

Merabu alikuwa mjumbe wa walei katika sinodi ya kanisa, mama mwenye mvi kichwa kizima. Askofu alipouliza ni nani wanaokubali wanawake wabarikiwe kuwa makasisi, yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Hoja ikapita.

"Dada, tumeshinda," alisema Hoshea, mjumbe mwenzake. "Twende tukale."

"Tangulia, kaka. Wito wa ukasisi niliusikia nikiwa msichana. Sasa wataitikia wasichana wengine."

"Nawe omba kubarikiwa basi."

"Kwa magoti haya ya kizee?" Akatabasamu kidogo.

Ukumbi ulipobaki mtupu, aliingia kanisani, akapanda madhabahuni, mahali alipozoea kupanda ili kufagia tu. Akasimama nyuma ya meza ya Bwana, akainua mikono mitupu, midomo yake ikaanza kunong'ona maneno ya kasisi ya kubariki mkate.