Swali la Mwanasiti

Mwanasiti, mjamzito wa miezi minane, alikuwa akifuata somo la kunyonyesha kwenye simu pamoja na wanawake wengine arobaini, mama mkwe wake, Bi Raya, alipoingia na kopo la maziwa ya unga.

"Zima hiyo," Bi Raya alisema. "Kifua chako kikavu. Yule wa kwanza ulimuua kwa njaa."

"Alikufa kwa homa, mama! Daktari alisema mbele yako!"

"Mtaa mzima unajua."

"Mtaa unajua uliyowaambia wewe."

Kwenye simu, mkunga aliyekuwa akifundisha aliuliza nani ana swali. Mwanasiti akafungua kipaza sauti.

"Mama aliyezushiwa kwamba alimuua mwanawe kwa njaa afanyeje?"

Bi Raya akairukia simu, lakini sauti ya mwanamke wasiyemjua ilikwisha kujaa chumbani: "Dada, hata mimi nilizushiwa." Kisha ikaja nyingine.