Mama wa Mashine Arobaini

Redio ya kiunoni ilikwaruza mara mbili na Fundi akaiacha ikwaruze. Alijua ni nani. Katika kasino nzima, mtu pekee aliyebonyeza redio mara mbili kabla ya kusema alikuwa kaka yake, msimamizi wa ukumbi, aliyeshinda ghorofani kwenye chumba cha vioo akiwaangalia watu utosi.

Mwaka wa pili sasa ndugu hawa hawasalimiani. Ugomvi ulianzia nyumbani, kwenye zamu za kumwangalia mzazi, ambazo mdogo mtu aliziruka moja baada ya nyingine mpaka kaka mtu akaacha kumpangia. Maneno yakatoka, na maneno yakishatoka hayarudi mdomoni. Fundi akafungia namba zao zote, ya kaka na ya shemeji, zisimpate kwenye simu yake. Pakabaki redio, nayo akaiwekea sharti: hapa ni kazi tu, ya nyumbani yabaki nyumbani. Wanasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Watu wa ukumbi ule hawakuwa na shamba, kwa hiyo walitega masikio.

Chini, mashine arobaini za kamari zilikuwa zinawaka. Fundi ndiye aliyezifunga taa zile, na zilikwenda pamoja zenyewe bila mtu kugusa kitu. Wekundu ulianzia mlangoni, ukapita mashine kwa mashine hadi ukuta wa nyuma, kisha zote zikapepesa kwa mpigo mmoja, pap! Siri ilikuwa kwenye mashine namba moja, pale mlangoni. Huyo ndiye aliyetoa mapigo, na wenzake thelathini na tisa wakafuata. Mafundi humwita mama, na wale wengine watoto. Mama akizimika kila mtoto anacheza ngoma yake, na ukumbi unageuka vurugu tupu.

Jina hilo lilimchefua kaka mtu. "Mama ninaye mmoja," aliwahi kumwambia mbele ya watu, "na miguu inamuuma. Hiyo ni namba moja."

Tangu siku hiyo Fundi alisema mama kila alipopata nafasi, hata pasipo haja, ili mradi tu amkere. Kaka mtu naye akajibu kwa kalamu. Namba moja ilipozimika mara mbili mwezi uliopita, aliandika barua: ikizimika ya tatu, fundi afunge virago. Barua ilikuwa mfukoni mwa Fundi, imekunjwa mara nne, na leo saa sita mchana tajiri mwenye kasino alikuwa anakuja kukagua. Kazi yenyewe Fundi aliipenda kuliko alivyowapenda watu.

Redio ikakwaruza tena.

"Mama amezimika," ilisema sauti ya kaka mtu. "Njoo."

Fundi aligeuka polepole. Wekundu ukatoka mlangoni, ukapita mashine kwa mashine, ukagota ukutani. Pap! Mama alikuwa anawaka kama bibi harusi. Hakuna kilichozimika, hakuna hata balbu iliyokonyeza vibaya.

Damu ikampanda. Kumbe mtu mzima na ndevu zake amekaa huko juu anamtungia uongo, saa moja kabla tajiri hajaingia, ili ile ya tatu itimie! Lakini katikati ya hasira kulikuwa na kitu kilichomfurahisha. Kwa pupa ya kumfukuza, kaka mtu alikuwa amejisahau na kulitamka lile jina. Siku zote hizo anajifanya limemshinda, leo limemtoka lenyewe.

Dada wa kaunta ya vinywaji aliacha kufuta glasi. Wafagiaji wawili wakaegemea mafagio yao. Fundi akaona watazamaji wametimia, akaisogeza redio mdomoni.

"Kama amezimika, mzikeni," alisema. "Mimi siji."

Watu wakaangua kicheko. Redio ikasema taratibu, "Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, na safari hii akapaza sauti ili hata wa jikoni wasikie.

Fundi akatoa simu yake, akapiga picha za video kuanzia namba moja hadi namba arobaini, na saa ya ukutani akaiingiza ionekane vizuri. Alimwambia dada wa kaunta kwamba ushahidi ndio huo, na leo itajulikana mtu wa kufunga virago ni nani. Dada wa kaunta akasema makubwa haya, akarudi kwenye glasi zake. Fundi akapanda ngazi mbilimbili, maneno yamemjaa kinywani, akiyapanga lipi litangulie.

Chumba cha vioo kilikuwa kitupu. Kiti kimeanguka chali, koti la kaka mtu limebaki kwenye msumari, mlango wa nyuma uko wazi.

"Amenikimbia," Fundi alijisemea, akacheka peke yake. Kupitia kioo aliwaona watoto wote wakimfuata mama yao kwa utii, na akajisikia mshindi.

Hapo ndipo aliposikia kisauti chembamba. Mkonga wa simu ya mezani ulikuwa umelazwa kando ya redio, laini haijakatwa. Akaufuta kwa shati akidhani ni tajiri, akauweka sikioni.

"Alo?"

"Shemeji," ilisema sauti ya mke wa kaka yake. "Nilikuwa hapa hapa kwenye laini, na jibu lako nimelisikia mara zote mbili. Basi usijisumbue. Mama nimemfumba macho mwenyewe."