Kidumu cha Mama

Foleni ya maziwa ilikuwa imeshafika getini Ndelilio alipoliona kosa. Programu ya simu aliyokiandikia kituo chao cha kukusanyia maziwa ilipokea maziwa yakiwa mazito AU yakiwa hayajachacha. Ndiyo maana yaliyotiwa maji yalipita wiki nzima.

Akafuta AU, akaandika NA.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama yake. Kipimo cha uzito kilizama kwenye maziwa yake hadi ishirini na mbili. Yanayotakiwa ni ya kuanzia ishirini na nane. Simu ikaandika: HAPANA.

"Si jana yalipita?"

"Yalipita kwa kosa langu, mama."

Mama akainama, akanong'ona. "Basi fanya kama jana, mwanangu."

Ndelilio akakaza kifuniko, akamrudishia kidumu kwa mikono miwili, kama mama alivyomfundisha.

"Anayefuata!"