Safari ya Kumtuliza Kaku

Clément alikataa kusimamisha gari kabla ya kumaliza kona.

“Hapa habasimamake,” alimwambia mke wake. “Kona ya namna hii njo inauaka bantu.”

“Simama, bwana! Mutoto anatapika!” Kapinga alisema.

Kweli, Adrien, mwenye miaka mitano, alikuwa ameinama juu ya mlango akirudisha maziwa yote ya unga aliyokunywa asubuhi. Dada yake Martine alijisogeza, akakunja gauni lake lisiguswe. Clément akazungusha usukani taratibu, akakanyaga breki, gari likasimama chini ya miti mirefu ya msitu wa pwani.

Ndipo Stanislas, mpiga picha, alipotoa kichwa chake ndani ya kitambaa cheusi cha kamera.

“Papa Clément, nilisema hivi: musitikisike!”

Usukani ulikuwa mfuniko wa sufuria. Gari lilikuwa mbao mbili zilizopakwa rangi, na nyuma yake benchi. Msitu ulikuwa pazia, limetundikwa kwenye kamba kati ya vibanda viwili vya kambi ya wakimbizi, Elisabethville, wakati ule Katanga ilipojitenga na Kongo. Watu wa asili ya Kasai walipowindwa na kukimbia mtaa wao wa Katuba, wengine walibeba magodoro. Stanislas alibeba mapazia yake matatu: la msitu, la bahari, na la milima yenye theluji. Alikuwa ameyachora kwa mkono wake, na alipenda kusema kwamba dunia nzima haina mengine. Usiku alilala chini kwenye udongo.

Safari hii ililetwa na barua iliyotumwa Katuba na kuwafuata hadi kambini. Mama yake Kapinga, Mama Ngalula, ambaye wajukuu walimwita Kaku, aliondoka Likasi kwa treni kabla ya fujo, akarudi kwao Bakwanga, kule Kasai. Ndivyo alivyoandika. Na chini yake akaongeza: “Nikisikia muko mu kambi, nitakuja kubatosha banangu mule, hata kwa miguu.” Miguu yenyewe ilikuwa imevimba tangu mwaka uliopita. Lakini Kapinga alimjua mama yake. Angekuja, na angefia njiani.

Basi ilibidi Kaku aone kwa macho yake: wanawe wako likizo, wamenenepa, wana gari.

Stanislas hakutaka malipo, alitaka sindano. Cheche ya jiko ilikuwa imetoboa pazia la bahari, tundu kubwa kama sahani, katikati ya anga. Kapinga, ambaye Katuba nzima ilikuwa ikimletea magauni ya harusi, alikata mfuko wa nyuma wa suruali ya Clément, asubuhi ile ile, akaziba tundu kwa ndege wa baharini. Kwa kuwa hakuwahi kumwona ndege wa baharini, ndege huyo alitoka bata. Bata mnene, na kifungo cha mfuko kikawa jicho lake.

“Mama, bata anarukaka?” Martine aliuliza.

“Wa bahari, anaruka.”

Adrien alipofutwa mdomo, picha ya msitu ikarudiwa, kisha wakashuka hadi ufukweni. Clément, karani ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alitaka kwanza kujua mchanga ni mgumu kiasi gani. Kutoka pale wakapanda milimani. Huko walijifunika mablanketi ya kambi, wakayageuza ndani nje ili herufi za ONU, yaani Umoja wa Mataifa, zisionekane, wakatetemeka kwa baridi huku jasho likiwatiririka shingoni.

“Punguza mwendo,” Kapinga alisema. “Kuko shimo.”

“Nani anaendesha? Mi ao weye?”

“Musitikisike!” Stanislas alipiga kelele.

Barua zote za kambi zilipitia kwa Stanislas, sababu alijuana na madereva waliokwenda uwanja wa ndege. Kapinga alipompa bahasha yenye picha, Stanislas alisoma jina, akaanza kukohoa.

“Mama Ngalula… Ule wa Likasi?”

“Alikuwa wa Likasi. Sasa iko Bakwanga. Unamujua?”

Stanislas alifuta lenzi yake, akaifuta tena.

“Mupiga picha ni kama padiri, Mama Martine. Anaona bantu bote, na hajue muntu. Lakini itamufikia.”

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jibu lilifika Jumatano.

“Siku tatu!” Clément alisema. “Bakwanga kwenda na kurudi! Ndege za ONU ziko na nguvu.” Akafungua, akasoma kwa sauti:

“Banangu, nimeona gari. Nimeona na mablanketi mazuri. Moyo umetulia, siji tena. Mi niko muzuri hapa kwetu, ila unga wa wiki hii uko na badudu.”

“Hata wetu,” Kapinga alisema, akiendelea kuchekecha. “Mwaka huu unga ni mubaya fasi yote.”

“Natuma picha,” Clément akaendelea, “muone vile nimenona. Nilienda kutembea kidogo.”

Martine alikuwa wa kwanza kuishika picha. “Kaku ameenda bahari!”

“Bakwanga hakuna bahari,” Kapinga alisema.

Clément alichungulia. Bahari ilikuwepo kabisa, na mawimbi yake. “Basi Kasai imeendelea,” alisema.

Kapinga alipangusa mikono, akaichukua picha. Mama yake alisimama wima kwenye mchanga, amevaa gauni la Jumapili. Lilikuwa limemlegea mabegani. Alitabasamu kwa nguvu zake zote. Na juu ya kichwa chake bata mnene aliruka, akiwatazama kwa kifungo cha suruali ya Clément.